Sindano ya mgongo au nusu kaputi? Mama anayekwenda kupasuliwa achague nini

"Mgongo wa mkamwana wangu mniachie kama mlivyoukuta," bibi mmoja aliniambia mlangoni pa chumba cha upasuaji, saa nane usiku, chupa ya chai kaikumbatia kwapani. "Ana shamba la kulima huyu."

Ndani, mkamwana mwenyewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uchungu unamjia kila dakika tatu, na hoja yake ilikuwa ileile kwa maneno mengine. "Sista, si mnilaze tu? Nipigeni nusu kaputi, nikiamka mtoto yupo."

Kazi yangu ni ya kutoa dawa za usingizi na ganzi, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyamalizia kabla mama hajafika mwisho. Watu huchagua kwa kuufikiria mgongo. Sisi tunaokaa kichwani mwa mgonjwa tunalifikiria koo. Tofauti yote kati ya njia hizi mbili, ninavyoiona mimi, inatoka hapo. Nitazipima bega kwa bega kama ninavyozipima ninapomwona mama kabla ya kuingia ndani, na niseme mapema ninakoelemea: sindano ya mgongo, isipokuwa pale penye sababu ya kuikataa. Sababu hizo zipo, na nyingine ni nzito.

Kinachofanyika hasa

Kwa sindano ya mgongo unakaa kitandani, unajikunja kama kamba wa baharini, kidevu kifuani, mabega umeyalegeza. Mgongo unapakwa dawa ya kuua vijidudu, na ubaridi wake huwashtua wengi kuliko sindano yenyewe. Sindano inapita katikati ya pingili za chini ya kiuno hadi kwenye maji yanayoizunguka mishipa ya fahamu. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawajaelezwa: kamba nene ya fahamu inayoshuka kutoka ubongoni huishia juu zaidi ya hapo tunapochoma. Chini yake kuna nyuzinyuzi zinazoelea kwenye maji, na sindano ikizikaribia husogea pembeni.

Dawa inayoingia ni kidogo mno. Kwa kawaida ni bupivakaini nzito, mililita 2 hadi 2.5, haijazi hata kijiko cha chai. Miguu inapata joto, inakuwa mizito, na baada ya dakika kama tano ukiambiwa inua mguu unaucheka kwa kukugomea. Ganzi hiyo hukaa saa moja na nusu hadi mbili. Kabla daktari hajashika kisu tunapima kwa pamba yenye spiriti. Begani: "Baridi?" "Baridi." Pajani: "Hapa je?" "Naona unanigusa tu." Tunapanda tumboni mpaka usawa wa matiti, na ubaridi ukiwa umepotea hadi hapo, tunaendelea. Wakati wa upasuaji utausikia mvuto na msukumo, kama mtu anayepekua sanduku chini ya kitanda ulicholalia. Maumivu hutakiwi kuyasikia, na ukiyasikia sema kwa sauti. Usijikaze. Chumba cha upasuaji si jando.

Kwa nusu kaputi unalala chali, unavuta oksijeni kwa barakoa dakika chache, dawa inaingia kwenye mshipa wa mkono, na hujamaliza sentensi umeshaondoka. Jina lenyewe nalipenda kwa ukweli wake: kaputi ni kufa, na hii ni nusu ya kufa. Hupumui mwenyewe, humezi, hukohoi. Ndani ya muda mfupi sana mtaalamu anafungua kinywa chako kwa kifaa chenye taa, anautafuta mlango wa bomba la hewa, anapitisha mpira. Kuanzia hapo pumzi zako zi mikononi mwake au mwa mashine, hadi unapoanza kuamka na mpira unatolewa.

Koo

Ule muda mfupi kati ya kulala na mpira kuingia ndio unaotunyima raha.

Mwaka 1946 daktari wa wazazi wa New York, Curtis Mendelson, aliandika kuhusu wajawazito 44,016 waliopita katika hospitali yake tangu 1932 hadi 1945. Kati yao 66 walivuta matapishi mapafuni wakiwa wamelazwa kwa dawa. Wawili walikufa, wamekabwa na chakula kigumu. Wengine tindikali ya tumbo iliwaunguza mapafu. Siku hizo walikuwa wanalazwa kwa barakoa bila mpira kooni, na ugonjwa huo wa mapafu bado unaitwa kwa jina lake.

Kwa nini mjamzito hasa? Homoni za mimba zinalegeza kizuizi kilicho juu ya tumbo la chakula, na mfuko wa uzazi unalisukuma tumbo hilo kutoka chini. Uchungu ukishaanza, chakula kinakaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida. Kuta za koo zimevimba, zaidi kwa mwenye presha ya mimba, kwa hiyo mlango wa hewa hauonekani kirahisi. Na akiba ya oksijeni ni ndogo: mapafu yamesukumwa juu huku mwili ukila oksijeni zaidi kwa ajili ya wawili. Mtu asiye mjamzito ukimlaza ukakosa kupitisha mpira mara ya kwanza, unayo nafasi ya kujaribu tena kwa utulivu. Kwa mjamzito oksijeni inaporomoka mbele ya macho yako. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikadiria kwamba mpira hushindikana kwa mama 1 kati ya 390 wanaopewa nusu kaputi. Hiyo si namba ya kuogofya kwa mtu mmoja. Kwa hospitali inayopasua kila siku, ni mtu mwenye jina.

Sindano ya mgongo inaliacha koo na mwenyewe. Unameza, unakohoa, unatapika ukageuza shingo.

Usiku ule, baada ya kumsikiliza mkamwana, nilirudi mlangoni kwa bibi.

"Amekula saa ngapi?"

"Hajala, sista. Tangu jana mchana hajatia kitu mdomoni."

Nikaitazama ile chupa. "Na hiyo?"

"Aa, uji tu. Kanywa vikombe viwili, saa sita hivi."

Kwetu uji hauhesabiwi. Mtu akinywa uji hajala. Tumbo halijui hivyo: uji ni chakula, na kwa upasuaji uliopangwa chakula chepesi kinataka muda wa saa sita kamili kabla ya dawa ya usingizi, chakula cha mafuta zaidi ya hapo. Maji matupu na chai ya rangi isiyo na maziwa vinaruhusiwa hadi saa mbili kabla. Ninalisema hilo la maji kwa makusudi, kwa sababu bado kuna wodi zinazomwambia mama aliyepangiwa upasuaji wa mchana asinywe hata tone tangu saa sita ya usiku, akafika kwetu midomo imekauka na mishipa haionekani. Huo si ushahidi, ni mazoea.

Mgongo

Sasa tuingie kwenye hofu yenyewe, maana haikuanzia kwa bibi.

Aliyeanzisha sindano hii ya ganzi kwa upasuaji ni August Bier, katika mji wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, akitumia kokeini. Alitaka kuijua mwenyewe, kwa hiyo yeye na msaidizi wake, Hildebrandt, wakachomana. Msaidizi alipigwa nyundo kwenye muundi asisikie kitu. Baadaye wote wawili waliumwa na kichwa, na Bier alilala siku kadhaa asiweze kusimama. Kwa hiyo kichwa kuuma baada ya sindano ya mgongo ni jambo la tangu siku ya kwanza.

Kisha kuna Chesterfield, Uingereza. Tarehe 13 Oktoba 1947 wanaume wawili, Woolley na Roe, walichomwa sindano ya mgongo siku moja katika hospitali moja, na wote wakapooza miguu. Kesi ilifika mahakamani. Maelezo yaliyokubaliwa yalikuwa kwamba vichupa vya dawa vilihifadhiwa ndani ya fenoli, dawa kali ya kuua vijidudu, na fenoli ikapenya kwenye nyufa zisizoonekana kwa macho. Waliochunguza upya miaka ya baadaye waliona dalili zinaelekeza zaidi kwenye tindikali ya kusafishia chombo cha kuchemshia sindano. Kwa vyovyote, sindano ya mgongo iliogopwa Uingereza kwa miaka mingi, na waliosomea huko walirudi makwao na hofu hiyo.

Leo vifaa vinatoka kiwandani vimefungwa, vinatumika mara moja vinatupwa. Ukaguzi mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2009 ulihesabu sindano za mgongo za aina zote, kama 707,455 kwa mwaka mmoja. Kupooza au kufa kulikadiriwa kati ya 0.7 na 1.8 kwa kila 100,000, kutegemea ukali wa kuhesabu. Ni hesabu ya Uingereza, yenye vifaa na wataalamu wa Uingereza, siihamishi nzimanzima hadi wilayani kwetu. Lakini inatosha kuonyesha kwamba sindano yenyewe, ikifanywa kwa usafi na kwa dawa sahihi, si mashine ya kupoozesha watu.

Na maumivu ya kiuno yanayodumu miezi na miaka? Hapa ndipo ninapobishana sana na wamama wenzangu kwenye daladala. Mimba yenyewe inaukunja mgongo, inalegeza viungo vya nyonga, kisha mtoto anakuja anabebwa, ananyonyeshwa umeinama, anafuliwa nepi umeinama. Waliozaa bila sindano yoyote nao viuno vinawauma. Tafiti zilizowafuatilia wanawake baada ya ganzi ya mgongoni hazijaonyesha kwamba sindano huleta maumivu sugu ya mgongo. Pale ilipochomwa patauma siku chache kama jeraha dogo, basi. Kinachokumbukwa ni sindano kwa sababu ina tarehe. Kuinama hakuna tarehe.

Kichwa ni habari nyingine, hicho ni cha kweli. Maji yale yakivuja kupitia tundu la sindano, siku ya kwanza hadi ya tatu kichwa kinauma vibaya unapokaa au kusimama, ukilala kinatulia. Na hapa lipo jambo unaloweza kuliulizia: umbo la ncha ya sindano. Zipo zenye ncha ya kukata, na zipo zenye ncha ya penseli zinazotenganisha nyuzi bila kuzikata. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la tiba la Lancet mwaka 2018 ulijumlisha majaribio 110 kutoka nchi 29, wagonjwa 31,412: waliochomwa kwa sindano ya kawaida, ile ya kukata, 11% waliumwa kichwa, kwa ncha isiyokata, 4.2%. Tofauti ya namna hiyo kwa kubadilisha kipande cha chuma tu ni adimu katika kazi yetu. Sindano hizo ni ghali kidogo na hazipo kila mahali, lakini swali halina ada.

Na lile agizo la kulala chali bila mto saa ishirini na nne? Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, waliukusanya ushahidi wake mwaka 2016: kulala hakuzuii kichwa kuuma. Mama anaweza kuwekewa mto, akajigeuza, akamnyonyesha mtoto, na miguu ikirudi akasimama kwa msaada. Kuna wauguzi watakaokukatalia kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, nao wana nia njema kabisa.

Presha, mtoto, na kusikia

Ubaya mkubwa wa sindano ya mgongo, ule wa dakika ileile, ni presha kushuka. Mishipa ya damu ya miguu inalegea, damu inakwenda huko, na mama anaanza kusema "sista, naona kizunguzungu", au anatapika. Bila kinga jambo hilo humpata zaidi ya nusu ya wamama. Kinga ipo: maji ya dripu yanayokwenda kwa kasi, kumwegemeza kidogo upande wa kushoto ili mfuko wa uzazi usiukandamize mshipa mkubwa, na dawa ya kupandisha presha, fenilefrini au efedrini, ikiwa tayari kwenye bomba la sindano kabla hujaanza. Mara chache ganzi hupanda juu mno, mikono inalegea na pumzi zinakuwa fupi. Hapo anayekaa kichwani ni lazima aweze kukupumulia, na mpira wa kooni uwe mkononi mwake. Kwa maneno mengine, mahali pasipoweza kutoa nusu kaputi si mahali salama pa kuchomea mgongo. Hospitali ikikwambia kwa kujisifu "sisi hapa ni mgongo tu, hayo mengine hatuna", hiyo si sifa.

Kwa mtoto, dawa za nusu kaputi zinapita kwenye kondo, na mtoto akichelewa kutolewa anaweza kutoka amesinzia, akahitaji kusaidiwa pumzi. Kwa sindano anapata kidogo sana cha kumsinzisha. Halafu kuna kile kilio cha kwanza. Mama wa sindano anakisikia. Wa nusu kaputi anaonyeshwa mtoto ameshavishwa, na nimewaona wanaouliza mara tatu kama kweli ni wake.

Wapo, kwa upande wa pili, wanaoomba walale kwa sababu hawataki kusikia lolote, hata sauti za vyuma. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini wajue kitu kimoja: kwa mjamzito nusu kaputi hutolewa kwa kubana, dawa isimzidi mtoto. Ukaguzi wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mtu kuwa na fahamu wakati anadhaniwa amelala hutokea mara 1 kati ya 19,000 kwa nusu kaputi zote, na mara 1 kati ya 670 kwa upasuaji wa kujifungua. Anayekimbia kusikia, nusu kaputi ya uzazi si maficho kamili.

Tafiti zinapotofautiana

Mtu akisoma uhakiki wa Cochrane wa mwaka 2012 anaweza kunishika uongo. Ulikusanya majaribio 29 ya kulinganisha ganzi na nusu kaputi kwa upasuaji wa kujifungua, na haukupata ushahidi kwamba moja ni bora kwa mambo makubwa ya mama na mtoto. Kilichoonekana ni kwamba damu inapotea kidogo zaidi kwa ganzi. Sasa tuulize: majaribio ya namna hiyo huchukua akina nani? Wamama wenye hali nzuri, waliopangiwa, mikononi mwa wataalamu, mchana. Na yalikuwa madogo, wakati ajali ya kooni ni nadra. Hutaiona ajali ya 1 kati ya mamia kwa kuwatazama watu mia.

Miaka minne baadaye Lancet Global Health ilichapisha uchambuzi wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko, mambo ya usingizi na ganzi yalichangia 13.8% ya vifo vya wamama baada ya upasuaji wa kujifungua, na waliopewa nusu kaputi walikuwa na uwezekano wa kufa mara 3.3 wa waliochomwa mgongo. Ukisoma harakaharaka utasema nusu kaputi inaua. Subiri kidogo. Nani anapewa nusu kaputi katika hospitali zetu? Ni yule aliyeletwa kwa bodaboda anavuja damu, yule wa kifafa cha mimba asiyejitambua. Alikuwa anakaribia kufa kabla sijamgusa. Sehemu ya ile 3.3 ni ugonjwa, haikutokana na dawa. Kiasi gani ni ugonjwa na kiasi gani ni koo, uchambuzi wa namna ile hauwezi kukutenganishia.

Mimi nausoma pamoja na utafiti wa mwaka 2019 wa nchi 22 za Afrika: wamama 3,684 waliopasuliwa, 20 wakafa, sawa na 5.4 hivi kwa kila 1,000, kama mara 50 ya nchi tajiri. Yaliyohusishwa na hali mbaya yalikuwa hasa kutoka damu, kondo kutangulia au kubanduka, mfuko wa uzazi kupasuka, na matatizo ya usingizi. Usingizi umo kwenye orodha. Haukuwa peke yake, lakini umo. Ndiyo maana ninapopewa nafasi ya kuliacha koo bila kuligusa, ninaichukua.

Pale nusu kaputi inaposhinda

Mama anayetoka damu nyingi na presha iko chini: sindano ya mgongo itaishusha zaidi, huenda isirudi. Mwenye damu isiyoganda, au chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka sana, kwa kuwa damu inaweza kuvujia ndani ya mfereji wa mgongo na kubana mishipa. Wataalamu wa Marekani mwaka 2021 waliweka chembe sahani 70,000 kwa kila mikrolita ya damu kama kiwango ambacho kuanzia hapo hatari inahesabika kuwa ndogo, na ndiyo sababu vipimo vya damu vya mwenye presha ya mimba tunavisubiri kwa hamu. Kidonda au jipu pale pa kuchoma. Maambukizi mazito yaliyosambaa mwilini. Baadhi ya magonjwa ya moyo, hasa mlango wa moyo uliobana sana. Aliyedegedeka na hajarudiwa na fahamu. Kamba ya kitovu iliyotangulia mtoto na mapigo ya mtoto yanazama, ingawa mkono mzoefu huchoma mgongo haraka kuliko watu wanavyodhani. Ganzi iliyokataa kushika. Na aliyekataa kwa akili timamu baada ya kuelezwa: huyo hachomwi kwa nguvu.

Angalia kilichokosekana hapo. Presha ya mimba peke yake, yenye chembe sahani za kutosha, haimo. Zamani tuliogopa, leo mama wa namna hiyo ndiye hasa tunayetaka kumchoma mgongo, kwa sababu koo lake limevimba kuliko la mwingine, na kupitisha mpira kunairusha presha juu mpaka ubongo unakuwa hatarini.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa wilayani wanaijua bila kuambiwa: ketamini. Ilitengenezwa mwaka 1962, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985. Kwa kawaida haizimi pumzi, haishushi presha, na imeokoa wamama wengi mahali pasipo na mashine. Lakini mama anaweza kuamka anaongea na watu wasiokuwapo, mate yanajaa, presha inapanda, na koo bado halina mlinzi. Kwa anayetoka damu ni rafiki. Kwa mwenye presha ya mimba, nitafute kwanza kingine.

Cha kuuliza kabla ya kusaini

Fomu ya kukubali upasuaji mara nyingi inaletwa uchungu umepamba moto. Ukiwa kliniki, wiki kadhaa kabla, uliza kwa utulivu. Nani atakayenichoma au kunilaza, na atakaa nami mpaka mwisho? Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo aliyechoma sindano ndiye huyohuyo aliyekimbilia kumfyonza mtoto makamasi, na mama akabaki na feni. Kidole changu kitabanwa kipimo cha oksijeni, na kinafanya kazi? Ganzi ikikataa mtafanya nini? Mashine ya kufyonza inavuta? Daktari mwenye kazi yake hakasiriki kwa maswali haya. Akikasirika, nawe umepata jibu.

Uliza pia kama wanasoma ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani kwa sauti kabla ya kukata: jina lako, upasuaji gani, una mzio, antibaotiki imeshaingia, damu ipo. Ifakara ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani zilizoijaribu, na matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo katika hospitali zile vikishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%. Mkoa wa Ontario, Kanada, ulipoiagiza kwa hospitali 101, matokeo ya mwaka 2014 hayakuonyesha nafuu ya maana. Mimi sishangai. Nimeona orodha ikijazwa alama za vema na mtu mmoja pembeni, upasuaji umeshakwisha.

Nawe una yako ya kusema kabla hujaulizwa: uliwahi kulazwa kwa dawa na nini kilitokea, jino linalocheza, dawa za kienyeji ulizokunywa kuharakisha uchungu, na ulichokula. Uji ni chakula.

Yule mkamwana alikubali sindano, si kwa furaha. Nilimchoma saa nane na robo. Saa nane na nusu presha ilishuka, nikampa dawa, na kabla haijapanda uji wote ukarudi. Aligeuza shingo mwenyewe, akatema kwenye bakuli nililomshikia shavuni, akakohoa mara mbili, akafuta mdomo kwa bega. Kisha akauliza kama daktari ameshaanza.